Kabla Hujanunua Kalamu ya Wino, Ijue Historia Yake

Wasee, mtu akiuliza anunue kalamu gani ya wino ya kuandika kila siku, majibu huanza na rangi, jina la kampuni, na kama nibu ni ya dhahabu. Mimi nauliza swali moja tu: ukiifungua kesho asubuhi, itaandika? Watengenezaji walihangaika na swali hilo kwa miaka mingi sana, na majibu yao yatakuokolea pesa.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Katika karne ya 10, khalifa al-Mu'izz wa dola la Wafatimi, Afrika Kaskazini, aliagiza kalamu inayobeba wino ndani yake bila kuchafua mikono wala nguo. Mwaka wa 1827, Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris, alipata hataza ya Ufaransa kwa kalamu inayojilisha wino yenyewe. Lakini miaka mingi baada yake watu bado walikuwa wanachovya nibu kwenye kidau. Mbona?

Shida ilikuwa hewa. Umewahi kumimina maji kutoka kwa jerikeni iliyojaa? Yanatoka glu-glu-glu, halafu ghafla yanakumwagikia miguuni. Ni kwa sababu maji yakitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kalamu za zamani zilikuwa hivyo hivyo: ama wino unakataa kutoka, ama unatoka wote juu ya karatasi.

Mwaka wa 1884, Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya suluhisho. Chini ya nibu aliweka kipande chenye mifereji myembamba sana. Wino unapita kwenye mifereji hiyo polepole, vile chai hupanda ndani ya mandazi ukilichovya, huku hewa ikirudi ndani kidogo kidogo. Kuna hadithi maarufu ati alikuwa wakala wa bima, kalamu ikamwagia mkataba wino, akapoteza mteja. Hadithi tamu, lakini wanahistoria wa kalamu wanaitilia shaka. Mifereji yenyewe haina shaka, iko ndani ya karibu kila kalamu ya wino inayouzwa leo.

Wakati huo, George Parker alikuwa mwalimu mjini Janesville, Wisconsin, na aliuza kalamu kwa wanafunzi wake kuongeza kipato. Zikawa zinaharibika, zinarudi kwake, anazirekebisha. Mwishowe akaona heri atengeneze yake, na kampuni ya Parker ikaanza 1888. Napenda hii stori kwa sababu kampuni kubwa hivyo ilizaliwa na malalamiko ya wanafunzi.

Ikabaki shida ya kujaza. Watu walitumia kidude cha kudondoshea, tone kwa tone, na vidole vinageuka bluu. Walter Sheaffer, sonara wa Iowa, alipata hataza mwaka wa 1908 ya wenzo mdogo ubavuni: unauinua, unaminya mfuko wa mpira ndani, ukiuachilia kalamu inavuta wino yenyewe.

Halafu mchezo ukabadilika. Mwandishi wa habari wa Hungaria, László Bíró, alitengeneza kalamu yenye kigololi kwenye ncha na wino mzito. Oktoba 1945, kalamu za aina hiyo ziliuzwa New York kwa dola 12.50 moja. Mwaka wa 1950, Marcel Bich wa Ufaransa akaleta Bic Cristal, rahisi na isiyosumbua. Ndiyo maana hadi leo tunasema biro, na wengine biki. Tuwe wakweli: biro ilishinda kwa haki. Haikuwa inavuja, na haikuhitaji matunzo.

Sasa kwa nini mtu wa leo arudi kwa kalamu ya wino? Kwa mkono wake. Biro lazima uikandamize ili kigololi kizunguke. Kalamu ya wino inateleza tu ikigusa karatasi. Kama wewe ni wa kuandika insha kurasa na kurasa, vidole vyako vinajua ninachosema. Isitoshe, mwili wa kalamu unabaki, unaongeza wino tu.

Kwa hivyo nunua ukifuata historia. Kwanza, kifuniko. Kisiposhika vizuri, wino utakauka kwenye mifereji na kalamu itagoma. Pili, nibu ya chuma inatosha kabisa. Ukali wa kuteleza uko kwenye kitone kigumu pale nchani, na hata nibu za dhahabu huwekewa hicho. Tatu, daftari zetu nyingi ni za karatasi nyepesi, kwa hivyo chukua nibu nyembamba, na ujue kwamba nyembamba ya Japani kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya Ulaya. Nne, tumia wino wa kalamu hizi pekee. Wino wa kuchorea, ule usiotoka kwa maji, utaziba mifereji ya Waterman mara moja.

Na ukisafiri kutoka Mombasa kuja Nairobi, kumbuka unapanda zaidi ya mita 1,600. Hewa iliyo ndani ya kalamu hutanuka na kusukuma wino nje. Jaza kalamu kabisa au uimalize, kisha ibebe nibu ikiangalia juu.

Je, lazima iwe ya bei kali? Hapana. Mwaka wa 1980, Lamy ya Ujerumani ilitoa Safari, kalamu ya plastiki, nibu ya chuma, sehemu ya kushikia imechongwa ili vidole vikae sawa. Walilenga wanafunzi, lakini hata watu wazima wanaitumia hadi leo. Platinum ya Japani nayo ina Preppy, ya bei ya chini zaidi, na kifuniko chake kinazuia wino kukauka kuliko kalamu nyingi ghali.

Dhahabu mtu avae shingoni. Kalamu ya kila siku ni ile inayoandika Jumatatu asubuhi baada ya kulala kwenye begi wikendi nzima.