Karatasi ya damu iliyofupisha njia ya Mbozi

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi huzaliwa na fumbo ambalo kipimo cha haraka, kile cha kuchoma kidole na kusubiri mistari, hakiwezi kulifumbua. Kipimo hicho hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, na mama humpa mwanawe kingamwili zake akiwa bado tumboni. Zinaweza kubaki katika damu ya mtoto hadi afikishe miezi 18. Kwa muda wote huo mtoto aliyeambukizwa na yule aliyesalimika wanaweza kutoa jibu lilelile. Ukisubiri kingamwili hizo ziishe utakuwa umechelewa: watoto walioambukizwa wasipopata dawa, karibu nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka 2.

Dawa ya fumbo hilo ni kipimo kinachokitafuta kirusi, na kwa miaka mingi mashine zake zilikaa katika maabara chache za miji mikubwa. Kwa mama anayejifungulia katika hospitali ya Mbozi Mission, nchini Tanzania, mji huo ni Mbeya.

Mbozi Mission ni kituo kikongwe. Wamoravian wa Kijerumani waliotangulia kujenga Rungwe mwaka 1891 walifika kwa Wanyiha mwaka 1899, na mmisionari Traugott Bachmann akakaa hapo hadi Vita ya Kwanza ya Dunia ilipomng'oa. Kanisa lilibaki, na hospitali ya misheni bado inahudumia wakulima wa kahawa na mahindi wa vilima vile. Lakini tukizungumzia Ukimwi, kilichoamua mambo katika ukanda huu ni barabara. Njia kuu ya kwenda Zambia inapita wilayani Mbozi, inashuka hadi Tunduma, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi hizi mbili mwaka 1976, inapita huko huko. Malori hupanga foleni mpakani, madereva hulala, baa na nyumba za wageni hufunguliwa, na ugonjwa ukapata pa kushika. Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza nchini mwaka 1983. Haikuchukua muda Mbeya nayo ikawa katika mikoa iliyoumia zaidi.

Mwaka 1988 mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha Mbozi na Tunduma, ulianzisha mpango wake wa kudhibiti Ukimwi kwa msaada wa Wajerumani. Baadaye, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia kwa miaka minne wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa na nyumba za wageni za mkoa huo, wakichukua damu kila baada ya miezi mitatu. Waliona kuwa aina A, C na D za kirusi zilikuwa zikizunguka pamoja na kuchanganyikana, hata ndani ya mwili wa mtu mmoja. Jambo hilo si la wanasayansi peke yao. Vipimo vingi vya mwanzo vya wingi wa virusi vilitengenezwa kwa kuangalia aina B, ile ya Marekani na Ulaya, na kipimo kisichozijua aina za Tunduma hakina faida Tunduma.

Karatasi iliyofupisha njia hiyo, ile inayokaushiwa matone ya damu na kutumwa maabara, haikubuniwa kwa ajili ya Ukimwi wala kwa ajili ya Afrika. Baba yake ni Robert Guthrie, mtafiti wa Buffalo, Marekani, aliyekuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili na mpwa aliyezaliwa na ugonjwa uitwao fenilketonuria, ambapo mwili hushindwa kumeng'enya sehemu fulani ya protini na ubongo ukaharibika. Ugonjwa huo ukigunduliwa mapema, lishe maalumu humwokoa mtoto. Guthrie alitaka kupima kila mtoto anayezaliwa, na alijua kwamba hospitali ndogo haziwezi kusafirisha chupa za damu. Akachoma kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi nene ya pamba, akaiacha ikauke na kuituma kwa posta. Makala aliyoandika na Ada Susi ilichapishwa mwaka 1963. Kwa maoni yangu, uvumbuzi wake mkubwa ulikuwa ile bahasha kuliko kemia.

Miaka 25 ikapita. Huko Massachusetts, maabara za serikali zilikuwa zikipokea matone ya kila mtoto anayezaliwa. Mwaka 1988 watafiti walichapisha kazi waliyofanya kwa matone hayo: waliyapima kingamwili za virusi vya Ukimwi bila majina, wakapata picha ya ni wanawake wangapi waliokuwa wakijifungua wakiwa na maambukizi. Hawakumgusa mama hata mmoja. Waliweza kwa sababu ileile inayotusumbua Mbozi, kwamba kingamwili alizonazo mtoto mchanga ni za mama yake. Kwao hilo lilikuwa mlango. Kwetu, tuliotaka kumjua mtoto, lilikuwa ukuta. Ukuta huo ulianza kutobolewa mwaka 1991, Sharon Cassol na wenzake wa Kanada walipoonyesha kwamba chembe za urithi za kirusi zinaweza kusomwa kutoka kwenye damu iliyokauka, kwa teknolojia ya PCR inayozizalisha mara nyingi hadi zionekane.

Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi (VVU) bure mwaka 2004. Kliniki za matunzo na tiba (CTC) zikafunguliwa, watu wazima wakaanza kuinuka vitandani, watoto wakabaki nyuma. Ndipo katika nusu ya pili ya muongo huo maabara za kanda, ya Bugando jijini Mwanza na ya Mbeya zikiwemo, zikaanza kupokea kadi za karatasi hiyo zenye damu ya watoto. Mwaka 2008 utafiti wa Afrika Kusini ukaondoa ubishi: watoto walioanzishiwa dawa mara tu walipotambuliwa, hata kabla ya kuugua, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 76 kuliko waliosubirishwa.

Kazi yenyewe, kwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, ni ya mikono zaidi kuliko ya vitabu. Mtoto wa wiki nne hadi sita huchomwa kisigino; akizidi kilo tano huchomwa kidole gumba cha mguu; aliyekua zaidi, kidole cha mkono. Tone la kwanza hufutwa. Linalofuata huachwa lidondoke lenyewe katikati ya duara hadi lijae na kupenya upande wa pili, na hakuna kuongezea tone juu ya tone. Kadi ina maduara matano. Hulazwa ikauke kwa saa kadhaa, mara nyingi hadi kesho yake, mbali na jua, vumbi na nzi, maana nzi hula damu hiyo na sampuli ikapotea. Kisha hufungwa katika mfuko wenye vidonge vya kufyonza unyevu na kikadi kinachobadilika rangi unyevu ukizidi. Wanaoijua masika ya Mbozi wanaelewa kwa nini kikadi hicho kipo. Baada ya hapo haihitaji barafu. Itasafiri ndani ya bahasha, kwa gari, kwa pikipiki au kwa basi.

Linganisha na damu ya mrija. Kwa kipimo cha plazma, yaani majimaji ya damu, inatakiwa itenganishwe kwa mashine ndani ya saa 24, kisha ikae kwenye baridi hadi ifike. Umeme ukikatika au daraja likifunikwa na maji, mgonjwa anaitwa tena kuchomwa upya. Wengine hawarudi.

Swali lililobaki lilihusu watu wazima. Aliyeanza dawa anahitaji kujua kama zinafanya kazi, na kwa miaka mingi alitazamwa kwa uzito wake na kwa kipimo cha seli za kinga za CD4, ambacho mara nyingi hushtuka virusi vikiwa vimeshakuwa sugu. Je, kadi ingeweza kuhesabu virusi, kazi ambayo wahudumu wa CTC huiita HVL? Mojawapo ya majibu ya mwanzo barani lilitoka katika hospitali ya misheni inayofanana sana na ya Mbozi. Ni Haydom, hospitali ya Walutheri mkoani Manyara. Asgeir Johannessen wa Norway na wenzake walichukua kwa wagonjwa walio kwenye dawa plazma na matone makavu, wakayalinganisha, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba matone yalifanya vizuri. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likapendekeza HVL iwe njia kuu ya kufuatilia matibabu.

Kadi ina dosari zake, na mgonjwa ana haki ya kuzijua. Damu inayokaa katika duara moja haifiki hata sehemu ya kumi ya mililita, kwa hiyo virusi vichache vinaweza kupita bila kuonekana. Kinyume chake pia hutokea: damu nzima ina seli zenye mabaki ya kirusi ndani yake, na mabaki hayo yanaweza kuongeza hesabu ya mtu ambaye kwa kweli amefubaza. Ndiyo maana matone hutumika kwa kiwango cha nakala 1,000 kwa mililita. Jibu moja lililozidi hapo halitoshi kumbadilishia mtu dawa. Kwanza anashauriwa kuhusu umezaji wa dawa, kisha anapimwa tena.

Lakini dosari kubwa zaidi haimo kwenye kadi. Ni safari ya majibu kurudi. Kirusi kinaweza kusomwa kwa siku moja, na mama akasubiri wiki kadhaa. Waganda walilishughulikia hilo kwa kukusanya kazi katika maabara moja ya taifa na kupanga vituo vyenye pikipiki zinazozunguka zahanati kwa ratiba. Gharama za usafiri zikapungua kwa zaidi ya nusu. Jijini Mbeya, watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wakiwa na Issa Sabi walijaribu njia nyingine: mashine ndogo inayompima mtoto palepale, tangu siku ya kuzaliwa hadi wiki ya sita, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba inaaminika. Wapo wanaosema mashine hizo zitaizika karatasi. Sikubaliani nao. Mashine inahitaji umeme, fundi na vitendanishi vya bei. Zahanati ya kijijini itaendelea kuhitaji bahasha.

Matunda yameonekana. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 uliwakuta watu wazima wanaoishi na VVU waliofubaza virusi wakiwa asilimia 52. Ule wa 2022-23 ulikuta 78. Mkoa wa Songwe, zilimo Mbozi na Tunduma sasa, nao ulizaliwa mwaka 2016, ukimegwa kutoka Mbeya, lakini njia ya malori bado ni ileile.

Sehemu kubwa ya kazi hii imelipiwa na Marekani, na Januari 2025 serikali yake ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili iitathmini upya. Kadi, mafuta ya pikipiki na mshahara wa anayepeleka bahasha ni gharama ambazo Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi na ya Mji wa Tunduma zinaweza kuzibeba kwa ushuru zinaoukusanya. Madiwani waziweke kwenye bajeti, kila moja kwa jina lake. Na wewe mama uliyechomewa mwanao kisigino, omba tarehe ya majibu kabla hujaondoka, na siku hiyo ikifika, rudi uyadai.