Miaka 50 ya Kombe la Vilabu: Kumbukumbu Kutoka Kachibora

Kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati lilitimiza miaka 50 mwaka 2024. Wenzangu mashabiki wa hapa Kachibora wameniomba niandike historia yake kabla wazee walioishuhudia hawajatuacha wote. Nimekubali kwa moyo mweupe, ingawa tuko katikati ya mavuno ya mahindi na nafasi ninayoipata ni ya jioni tu, ng'ombe wakishakamuliwa. Nikimsahau mtu, anisamehe.

Vijana wanalijua kwa jina la Kombe la Kagame. Sisi tulilijua kabla halijawa na jina hilo, na tulilipenda hivyo hivyo.

Kabla yake kulikuwa na mashindano ya timu za nchi. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kiwanda cha sabuni cha Uingereza. Tanganyika na Zanzibar ziliingia baadaye, na kombe hilo likakua hadi likawa la CECAFA, baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1973. Lakini timu ya taifa hukutana na kutawanyika. Klabu ni nyumbani: ina wazee wake, ngoma zake, madeni yake na watoto waliozaliwa ndani yake. Kwa hiyo CECAFA ilipoamua mwaka 1974 kuwakutanisha mabingwa wa vilabu, ilikuwa kama imetualika sisi wenyewe.

Ili ueleweke msisimko huo, lazima nirudi nyuma kidogo. Waluhya waliokwenda Nairobi kutafuta kazi walicheza mpira kwa lokesheni zao: Marama kwao, Samia kwao, Bunyore kwao, Kisa kwao. Joe Kadenge, ambaye jina lake Leonard Mambo Mbotela alilitangaza redioni hadi "Kadenge na mpira" ikawa methali ya Kenya nzima, aliwahi kuchezea Maragoli United. Jumapili ndugu walikuwa wakiumizana uwanjani, halafu Jumatatu wanakutana kwenye basi moja la kwenda kazini. Mwaka 1964 wazee wakasema yatosha. Vilabu vikaungana, ikazaliwa Abaluhya United, ambayo baadaye iliitwa Abaluhya Football Club. Huku kwetu Trans Nzoia, ambako watu wa Bungoma, Kakamega na Vihiga walikuwa wakihamia kwenye mashamba yaliyoachwa na walowezi, muungano ule ulikuwa na maana ya pekee. Jirani yako alitoka lokesheni usiyoijua, lakini sasa mlikuwa na timu moja.

Miaka 10 baada ya muungano huo, Abaluhya walikuwa Dar es Salaam kwenye fainali ya kwanza kabisa ya kombe hili. Waliowakabili walikuwa Simba, timu iliyokuwa imeacha jina la Sunderland mwaka 1971 na ambayo mwaka huo huo wa 1974 ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika. Simba walishinda 1-0. Sioni aibu kuyaandika hayo. Kufungwa bao moja na timu ya namna ile, kwao, mbele ya watu wao, ni heshima, na wazee wetu walirudi wakiwasifu wenyeji kwa ukarimu.

Mwaka uliofuata fainali ilikuwa Zanzibar, na Dar es Salaam nzima ilivuka maji, maana Young Africans, yaani Yanga, walikutana na Simba. Gibson Sembuli na Sunday Manara wakafunga, Yanga wakashinda 2-0. Mtanzania wa umri wangu ukitaka urafiki naye, mtajie fainali hiyo. Kama ni wa Simba, usimtajie.

Kisha zikaja zamu za Luo Union. Walilichukua mwaka 1976 kwa kuwafunga Young Africans, wakalitetea mwaka 1977 mbele ya Horsed ya Somalia. Shabiki wa Abaluhya hakutarajiwa kushangilia, lakini nawaambieni hapa Kachibora tulishangilia. Kombe lilikuwa limevuka mpaka na kuingia Kenya. Mwaka 1978 KCC ya Kampala ikalipeleka Uganda kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Simba.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu inatetemeka. Mwaka 1979 mashindano yalikuwa Mogadishu. Mjomba wangu alikuwa na redio ya betri, na kwa wiki nzima betri zile zilianikwa juani juu ya bati kila asubuhi ili zisituangushe. Jioni ya habari watu walijaa uani hadi wengine wakasimama ndani ya mahindi. Hakuna aliyekohoa. Sauti ya Kenya ikasema: Abaluhya moja, KCC bila. Mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo ya maji aliiweka chini akaanza kucheza, na kabla hatujajua tunafanya nini mtu alikuwa ameleta ngoma za isukuti. Tulicheza mpaka mwezi ukapanda juu ya vilima vya Cherangany. Kesho yake wengine walitembea hadi Kitale kutafuta gazeti, kuhakikisha kwa macho kwamba redio haikukosea. Nimeona mengi tangu siku hiyo, lakini furaha ya watu wengi kwa pamoja namna ile sijaiona tena.

Muda mfupi baadaye serikali ilitaka vilabu viache majina ya kikabila. Luo Union wakawa Re-Union. Abaluhya Football Club wakabaki na herufi zao AFC, ila maana yake ikabadilishwa, na chui akaongezwa: AFC Leopards. Wapo walionung'unika. Wazee walitutuliza kwamba chui ni yule yule, na sisi tukamwita Ingwe kwa lugha ya nyumbani.

Katika muongo mpya Gor Mahia, watani wetu wa jadi, walitutangulia. Walitufunga 3-2 kwenye fainali ya 1980 huko Malawi, wakashinda tena 1981 dhidi ya Simba. Kisha Ingwe akaamka: 1982 dhidi ya Rio Tinto ya Zimbabwe, 1983 dhidi ya ADMARC Tigers ya Malawi, 1984 dhidi ya Gor Mahia wenyewe, 2-1. Mara tatu mfululizo! Golini alisimama Mahmoud Abbas wa Mombasa, aliyeitwa "Kenya One". Mbele alikuwepo Joe Masiga, daktari wa meno aliyecheza pia raga, na Wilberforce Mulamba ambaye mabeki wa nchi jirani walimjua kwa nyayo. Angalieni majina hayo: mtu wa Pwani akilinda lango la timu iliyoanzishwa na watu wa Magharibi. Hapo ndipo jina jipya lilipopata maana kwangu.

Gor walilipiza mwaka 1985 kwa 2-0. Miaka miwili baadaye walitwaa Kombe la Washindi la Afrika, na mimi nasema bila kusita kwamba ukomavu ule waliupata kwenye kombe hili letu, kwa safari za Blantyre na Khartoum.

Miaka iliyofuata nitaitaja kwa mbio. El Merreikh ya Sudan ilishinda 1986, 1994 na 2014. SC Villa ya Uganda: 1987, 2003, 2005. Kenya Breweries: 1988 na 1989, kisha kwa jina la Tusker 2000, 2001 na 2008. Simba wanaongoza wote kwa mataji sita, baada ya kuongeza 1991, 1992, 1995, 1996 na 2002. Yanga wana matano: 1975, 1993, 1999, 2011 na 2012. Rayon Sports walilipeleka Rwanda 1998, na APR wakashinda 2004, 2007 na 2010. Ingwe alilichukua mara ya tano mwaka 1997. Tangu 2002 Rais Paul Kagame wa Rwanda amekuwa akitoa zawadi ya dola 60,000, ndiyo asili ya jina la sasa. Wengine waliobeba kombe ni Police ya Uganda, ATRACO, Vital'O ya Burundi, Azam (2015 na 2018), KCCA (2019) na Express (2021). Mwaka wa jubilii, 2024, lilikwenda kwa Red Arrows ya Zambia, nchi iliyokuwa nasi enzi za mwanzo.

Haikuwa mteremko wakati wote. Kuna miaka ambayo mashindano hayakufanyika, kama 2016, 2017 na 2020, kwa sababu za fedha, ratiba au maradhi. Klabu yetu nayo ilipitia bonde lake na hata kushuka daraja kwa muda, kisha ikasimama. Hayo yalizungumzwa nyumbani na yamekwisha. Tunawashukuru waliokesha wakichanga shilingi kwa shilingi timu isife.

Ombi langu ni moja. Wachezaji wa 1974 na 1979 ni wazee sasa, na baadhi tumewazika, kama tulivyomzika Kadenge mwaka 2019. Kama nyumbani kwako Kachibora, Kitale, Kimilili, Webuye au Bungoma mjini kuna picha, tiketi, jezi au kipande cha gazeti cha fainali hizo, usikifungie maandazi. Mwonyeshe mjukuu wako, andika nyuma yake majina unayoyakumbuka, kisha ukitunze au ukipeleke kwa klabu.