Mwili Mbele ya Kioo

Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa akila kwa sauti yake: kughani Shakespeare jukwaani. Ikafika siku sauti inamkauka katikati ya onyesho. Daktari akamwambia aipumzishe. Akaipumzisha, ikarudi, akapanda jukwaani, ikakauka tena. Basi tatizo lilikuwa katika namna anavyoghani.

Akasimama mbele ya kioo. Kila alipoanza kughani, kichwa kilirudi nyuma, koromeo likabanwa, pumzi ikaingia kwa kishindo. Akajirekebisha, akahisi kabisa kwamba sasa kichwa kinakwenda mbele. Alipoongeza vioo viwili, kimoja kila upande, akakuta bado kinarudi nyuma vilevile. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi wake mkubwa, kuliko mbinu zote alizofundisha London kuanzia 1904: mwenye mwili hajui mwili wake unafanya nini.

Jaribu mwenyewe. Weka vidole nyuma ya ndewe za masikio, kisha itikia kwa kichwa kidogo sana. Fuvu linakaa juu ya uti wa mgongo hapo juu, kati ya masikio. Wengi wetu tunainamisha shingo nzima kana kwamba kiungo hicho hakipo.

Mwaka 1935 mwanafunzi wa Alexander, Irene Tasker, alianza kufundisha mbinu yake Johannesburg. Mmoja wa waliokwenda kwake, mwaka 1943, alikuwa Raymond Dart, profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, yule yule aliyeutangazia ulimwengu fuvu la kale la Taung mwaka 1925. Misuli ya maiti aliijua yote. Yake mwenyewe akaanza kuisoma upya kwa kulala na kutambaa sakafuni kama mtoto mchanga. Mwaka 1950 alichapisha maelezo ya jinsi misuli inavyozunguka kiwiliwili kwa mikanda miwili iliyojisokota.

Si wote waliokubali. Mwaka 1944 Ernst Jokl, ofisa wa elimu ya viungo wa serikali ya Afrika Kusini, aliiandika mbinu hiyo kuwa utapeli. Alexander akafungua kesi ya kashfa, akashinda mwaka 1948 na kupewa fidia ya pauni 1,000. Rufaa ikatupwa mwaka uliofuata. Uthibitisho wa kitabibu ulichelewa zaidi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa wa mgongo waliopata masomo 24 ya mbinu hiyo waliumwa siku 3 kwa mwezi, ilhali waliobaki na matibabu ya kawaida waliumwa siku 21.