Habari za Mguu na Kiatu

Karibu na mji wa Iringa kiko kijiji cha Kalenga, ambapo Mtwa Mkwawa alijenga boma lake la mawe. Majeshi yake yaliwashinda Wadachi huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na boma lenyewe halikuanguka ila tarehe 30 Oktoba 1894. Mashujaa wale walikwenda vitani miguu mitupu. Basi, kukosa viatu si aibu, wala si dalili ya udhaifu.

Lakini zamani zile zile adui mwingine, mdogo kuliko kiroboto wa kawaida, alikuwa akivuka Afrika. Huyu ni funza, wala hakuwa mwenyeji wa bara letu. Mwaka 1872 merikebu iliyotoka Brazili ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa farumi wenye funza. Wapagazi na askari wakamchukua miguuni mwao njia nzima, na kabla karne ile haijaisha akawa amefika pwani ya mashariki. Funza jike hujichimbia katika ngozi na kuvimba kwa mayai, na kidonda chake chaweza kuingiza pepopunda. Katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, ambayo ilifika Iringa mwaka 1916, wapagazi wengi walikwenda bila viatu, na watu wenye nguvu za kubeba mizigo mizito walilemazwa na kidudu hicho.

Je, kila kiatu ni kinga? Sivyo. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Habeshi alikwenda Roma kushindana katika mbio za marathoni, ambazo ni zaidi ya maili 26. Viatu vipya alivyojaribu havikumkaa vizuri, naye akaviacha, akakimbia miguu mitupu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na nukta 16. Mwaka 1964 huko Tokyo alivaa viatu vilivyomfaa, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na nukta 11. Hatusemi kwamba viatu ndivyo vilivyompa ushindi. Twasema kwamba alijua kukataa kiatu kibaya na kukubali kilicho chema.

Wazazi wengi humnunulia mtoto viatu vikubwa mno ili avivae miaka mingi. Mguu huteleza ndani yake, malengelenge hutoka, na mtoto huacha mchezo. Vikiwa vidogo, vidole hukunjamana na kucha huingia nyamani. Yafaa kununua jioni, kwa maana mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Simama juu ya karatasi, uchore nyayo zote mbili, ukachague kwa kufuata ule mguu mkubwa zaidi. Vaa na soksi utakazochezea, kisha usimame: mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisichomoke utembeapo. Hata viatu vya mitumba vyaweza kupimwa hivyo.

Baada ya mchezo, osha miguu, kausha katikati ya vidole, na anika viatu. Kila jioni tazama nyayo za watoto, hasa wale wasio na viatu, maana funza akionekana mapema hutolewa kwa urahisi, kwa sindano safi iliyochemshwa.