Jinsi ya kusoma gharama zilizomo katika bili ya stima

MTEJA akinunua tokeni za Sh500 na kupata yuniti chache kuliko za mwezi uliopita, aghalabu huilaumu mita. Mara nyingi mita haina hatia. Kilichobadilika ni ada zinazoandamana na bei ya stima yenyewe.

Gharama kuu ni bei ya yuniti zilizotumiwa, nayo si sawa kwa kila nyumba. Viwango vilivyoanza kutozwa Aprili 2023 viliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu. Wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi walitozwa Sh12.22 kwa yuniti, walio kati ya 30 na 100 Sh16.30, na waliozidi 100 Sh20.97. Awali, kikomo cha kundi la mapato ya chini kilikuwa yuniti 100.

Hapa ndipo wengi huumia. Kundi huamuliwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na mteja akiingia kundi la juu, yuniti zake zote hutozwa bei ya kundi hilo, si zile zilizozidi pekee. Kwa viwango hivyo vya 2023, yuniti 28 zilikuwa Sh342.16, ilhali 32 zilikuwa Sh521.60, kabla ya ada nyingine. Tofauti ni Sh179.44 kwa yuniti nne tu, ambazo pasi ya wati 1,000 huzimaliza kwa saa nne. Wapangaji wanaotumia mita moja kwa pamoja ndio huathirika zaidi, kwani matumizi yao yote huhesabiwa kama ya mteja mmoja.

Ada ya mafuta hutokana na mitambo inayozalisha stima kwa mafuta. Ukame unapopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, kama vile Masinga na Kiambere, mitambo hiyo hutegemewa zaidi na ada hupanda. Stima ya mvuke kutoka Olkaria haina mzigo huo. Ada ya ubadilishanaji wa fedha nayo huongezeka shilingi inapodhoofika. Hizi mbili hubadilishwa kila mwezi na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali.

Kuna pia asilimia 5 ya bei ya yuniti kwa ajili ya kusambaza stima mashambani, tozo ndogo za mamlaka za kawi na maji, na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Ada ya kudumu ya Sh150 iliondolewa 2018, hivyo anayeidaiwa na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza ni ya nini.

Anayepokea bili mwishoni mwa mwezi atazame kwanza kama mita ilisomwa au ilikadiriwa, kisha alinganishe tarakimu na zilizo kwenye mita yake. Zikitofautiana, awasilishe malalamishi katika afisi ya kampuni ya stima, na asiporidhika ayafikishe kwa mamlaka ya EPRA.