Taka za Jiji na Maji ya Kisima

Taka zinazozolewa Kawangware na katikati ya jiji zimepelekwa Dandora tangu mwaka 1975. Kufikia 2001 jaa lilikuwa limeshafurika, lakini malori hayakukoma. Betri kuukuu na makopo ya rangi hutoa madini ya risasi, na mvua huyateremsha ardhini hadi majini. Mwaka 2007 shirika la UNEP lilitangaza kwamba nusu ya watoto waliopimwa damu huko walikuwa na risasi kupita kiasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Maji ya kisima kilicho karibu na jaa lolote usimpe. Najua, sisi wauguzi tumekuambia uchemshe. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu. Risasi hubaki, na maji yakipungua sufuriani huzidi kukolea.