Ua Uotao: Habari za Nyua za Iringa na Mbeya

Lugha yetu ina neno moja lenye wingi wa namna mbili. Ua, likiwa la kunusa na kutazama, wingi wake ni maua; ua, ukiwa wa kuzunguka nyumba, wingi wake ni nyua. Mpenda jinasi hahitaji hazina kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo, kwetu visiwani maana hizo mbili hukaa mbalimbali: ua wetu wa jadi ni wa makuti au wa mawe na chokaa, na ua la asumini huchanua ndani yake. Katika Nyanda za Juu Kusini, kwenye miinuko ipitayo mita 1,500, mambo ni mengine. Huko ua wenyewe huota, hupogolewa, huchanua, na kwa hiyo una historia yake.

Jina la Iringa lenyewe lahusu ua. Latokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome. Katika karne ya 19, Wahehe na Wasangu walipogombea ardhi na biashara ya pembe iliyoshuka hadi pwani yetu, kukaa bila boma kulikuwa ni kujitoa mhanga. James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alipofika kwa Merere wa Usangu mwaka 1877 aliukuta mji umezingirwa na Wahehe. Naye Mkwawa aliizungushia Kalenga ukuta wa mawe. Aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, lakini tarehe 30 Oktoba 1894 walirudi na mizinga, na ngome ikatekwa. Tangu hapo hadi kifo chake mwezi Julai 1898, takriban miaka minne, hakuhifadhiwa tena na mawe, bali na pori pamoja na watu waliokataa kumtoa. Ukuta ulianguka kwa siku moja. Ua wa watu ulisimama miaka.

Mbeya, ambayo jina lake husemwa kuwa limetokana na neno la Kisafwa la chumvi, yatupa picha nyingine. Kusini yake, Rungwe, Wanyakyusa walikaa ndani ya migomba. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1879 alisifu usafi wa nyumba na kivuli chake. Mgomba hauzuii mwizi wala simba. Humfunika mwenye nyumba asionekane, humlisha, na humwachia mgeni njia.

Kwenye nchi kavu ya Isimani na Pawaga mgomba haustawi bila maji. Huko mnyaa ndio mlinzi. Fimbo yake hukatwa, huachwa ijifunge jeraha, huchomekwa ardhini, nayo huota pasipo kubembelezwa. Mbuzi haugusi, kwa kuwa utomvu wake mweupe huunguza, na ukiingia jichoni waweza kulipofua. Basi mwenye watoto wadogo na aupande mbali na uwanja wao wa kuchezea.

Utawala wa kikoloni ulileta mimea ya ng'ambo. Saiprasi yatoka Meksiko na Guatemala. Yastahimili baridi ya Julai, na ikipogolewa mapema huwa ukuta wa kijani. Mti wa miiba wenye jina la mto Kei wa Afrika Kusini hufunga njia hata kwa ng'ombe, na matunda yake ya manjano, makali kwa ugwadu, hupikwa jamu. Bogonvilia ilitoka Amerika ya Kusini. Rangi yake tunayoisifu si ya ua, bali ya majani matatu yaliyozunguka maua madogo meupe: ua uliozungushia maua.

Lakini si kila mgeni aliyepokewa alikuwa na adabu. Lantana, iliyopandwa kwa uzuri wake, ilibebwa na ndege hadi malishoni. Majani yake ni sumu kwa mifugo. Mwiba wa Morisi, ambao kwa kweli asili yake ni Asia, huanza kama ua na kuishia kuwa pori. Kuchagua mmea wa ua, basi, si jambo la macho ya mwenye nyumba peke yake. Jirani naye atavuna mbegu zake.

Kati ya mwaka 1973 na 1976, wakulima wengi walihamishiwa vijijini kwa amri. Nyumba za udongo zilizoachwa hazikuchelewa kuanguka. Mnyaa hauanguki upesi hivyo. Katika mahame, mstari wa minyaa hueleza mlango ulikuwa wapi na shamba liliishia wapi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mtu aweza kupewa hatimiliki ya kimila, lakini kabla ya hati ni lazima mipaka ijulikane, na majirani ndio mashahidi wake. Mzee anaponyosha kidole kwenye safu ya miti, anasoma waraka uliopandwa.

Leo, Iringa na Mbeya mjini, matofali ya saruji yenye vigae vya chupa juu yake yanachukua nafasi ya ua wa miti. Hofu ya wezi ni ya kweli, na haifai kuidharau. Lakini ukuta hujengwa na mmoja na kumnyamazisha mwingine, ilhali ua uotao una pande mbili, na kila upande wahitaji mkono wa kupogoa. Apandaye mwanzo wa mvua za Novemba, kwa nafasi ya nusu mita, atangoja miaka kadhaa kabla ya kufichika. Katika miaka hiyo atakuwa akionana na jirani yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pengine katika nyanda hizo, ufa huzibwa kwa fimbo mbichi, ikipandwa na wawili.